Kinga ya Mwili na Hatamu Zake: Maoni Kuhusu Somo la Seli T

Katika shule zetu nyingi somo la kinga ya mwili hufundishwa kwa mfano wa vita. Mwili ni nchi, vijidudu ni adui, na chembe nyeupe za damu ni askari. Mfano huu ni mwepesi kueleweka, nasi hatuubezi, maana tumeutumia wenyewe kwa miaka mingi. Hata hivyo tunaona kwamba unaeleza nusu moja tu ya jambo, na nusu iliyoachwa ina gharama yake.

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari, mwanachuo wetu alilieleza somo hili vizuri. Alipomaliza, msichana mmoja aliinuka akauliza: "Mwalimu, mdogo wangu huchomwa sindano ya insulini kila siku. Tuliambiwa kinga yake ndiyo iliyomharibia kongosho. Je, askari wake ni dhaifu?" Mwanachuo alisita, kisha akajibu kwamba ndivyo. Jibu lile halikuwa sahihi. Katika kisukari cha aina ya 1, seli T huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi wakufunzi tulioketi nyuma ya darasa tulitambua kwamba kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulimfundisha habari za silaha bila kumfundisha habari za hatamu.

Hatamu hizo ni zipi? Seli T hukomaa katika tezi ya thimasi iliyo kifuani. Humo nyingi zielekeazo kuushambulia mwili wenyewe huangamizwa, lakini baadhi huponyoka. Kwa hiyo mwili una ulinzi mwingine, nao hutegemea protini.

Seli T haiamki kikamilifu kwa ishara moja. Kwanza, kipokezi chake sharti kishikane na kipande cha protini ngeni kinachoonyeshwa na seli nyingine. Pili, protini yake iitwayo CD28 sharti ishikane na protini iitwayo B7 iliyo juu ya seli ile ile inayoonyesha. Ni mfano wa sanduku la fedha za chama lenye kufuli mbili. Seli T ikisha kuamka hutoa protini ya tatu, CTLA-4, ambayo hushikana na B7 kwa nguvu zaidi kuliko CD28 na kuinyang'anya nafasi. Hapo mwamko hupungua. Protini nyingine, PD-1, huituliza seli T inaposhikana na PD-L1 iliyo juu ya seli nyingine. Tena ziko seli T ambazo kazi yake ni kuzizuia wenzake. Shimon Sakaguchi wa Japani alizieleza mwaka 1995. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitambua jeni iitwayo FOXP3, ambayo ikiharibika huleta ugonjwa mkali wa kinga kuushambulia mwili. Baadaye ilidhihirika kwamba protini ya jeni hiyo ndiyo inayoziongoza seli hizo za kuzuia. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Saratani nayo huzitumia hatamu hizi kwa hila. Baadhi ya seli zake hujivika PD-L1, na seli T inayozikaribia hutulizwa. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua tiba ya kuzilegeza hatamu ili seli T zipambane na saratani. Tiba hiyo imewafaa wagonjwa wengi, ingawa si wote. Na wako ambao kinga yao, ikisha kufunguliwa, imewashambulia utumbo, ngozi au tezi.

Wako walimu wenzetu watakaosema kwamba majina haya ni mazito mno kwa wanafunzi. Twakubali, wala hatupendekezi yakaririwe. Mwalimu aweke kiti kimoja mbele ya darasa, nacho kiwe B7. Mwanafunzi wa kwanza, CD28, akikikalia, darasa lipige makofi, maana seli T imeamka. Kisha wa pili, CTLA-4, aje akikalie badala yake, na makofi yakome. Halafu mwalimu aulize: "Huyu wa pili asingekuja, ingekuwaje?" Wanafunzi wakijadili swali hilo wameshika kiini cha somo. Lililobaki ni kuwakumbusha kwamba protini haina fikira wala nia. Hufanya kazi kwa umbo lake kuoana na umbo la nyingine.

Somo hili lina faida hata nje ya darasa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kinga njema ni kinga yenye nguvu tu ataiamini kila chupa inayouzwa kwa sifa ya kuongeza kinga. Aliyefundishwa habari za hatamu atauliza kwanza: kuiongeza hadi wapi, na nani ataizuia?

Hatuna budi basi kulitengeneza upya somo hili katika vyuo vyetu, ili mwanachuo aendapo shuleni awe na jibu la kweli kwa mtoto ambaye nyumbani kwao insulini huchomwa kila siku.