Nauli ya Kupanda Daraja

Ijumaa jioni, katika vibanda vya kubeti kuanzia mzunguko wa Kibuye hadi ndani ya Katwe, majina ya Guingamp, Pau na Rodez hutajwa kama ya vijiji vya jirani. Hizo ni timu za Ligue 2, daraja la pili la Ufaransa, ambalo mechi zake nyingi hupigwa kabla wikiendi haijachangamka, kwa hiyo limejipatia nafasi ya kudumu kwenye mikeka. Kila mtu anajua kuna timu 18, mechi 34, na ratiba isiyobadilishwa ovyo. Uganda nayo ina daraja lake la pili, FUFA Big League, lililoanzishwa mwaka 2009 na kuendeshwa na FUFA, shirikisho la soka la nchi, kutoka Mengo, mahali ambapo mtu wa Katwe anaweza kwenda kwa miguu. Mtaa wenyewe umewahi kuwa na mwakilishi humo, Katwe United. Lakini muulize kijana mwenye mkeka mkononi timu hiyo ilicheza na nani Jumamosi iliyopita, uone. Wapo wanaosema hilo ni upungufu wa uzalendo, eti tunashabikia vya wenzetu na kuvidharau vyetu. Nadhani lawama hiyo imeelekezwa pasipostahili. Ligi yetu ya pili imebebeshwa gharama za taifa huku mapato yake yakiwa ya mtaa, na matokeo yake ni kwamba anayepanda mara nyingi ni yule ambaye tangu mwanzo hakuhitaji mapato wala shabiki.

Tuanze kwa kuondoa dhana kwamba daraja la pili ni soka duni. Msimu wa 2022/23 NEC, Kitara na Mbarara City zilipanda kutoka Big League. Mwaka mmoja tu baadaye, mwaka 2024, fainali ya Kombe la Uganda ilizikutanisha Kitara na NEC, na Kitara ya Hoima ikabeba kombe kwa bao moja bila jibu. Yaani timu mbili zilizotoka jana kwenye viwanja vya vumbi ziliwaweka kando wakongwe wote. Kenya ilishuhudia jambo kubwa zaidi mwaka 2025: Nairobi United, ikiwa bado daraja la pili, iliifunga Gor Mahia 2-1 katika fainali ya kombe la nchi, ikapanda Ligi Kuu msimu uleule, kisha katika Kombe la Shirikisho la Afrika ikaitoa NEC yetu na kuing'oa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa penalti hadi kufika hatua ya makundi. Ufaransa wana mfano wao wa mwaka 2009, Guingamp ilipotwaa Kombe la Ufaransa ikiwa daraja la pili. Kwa hiyo tatizo si vipaji.

Tazama sasa ni akina nani wanaovuka. Mwaka 2020 ilipanda UPDF, timu ya jeshi. Mwaka 2022 ikarudi Maroons, timu ya magereza. Mwaka 2023 NEC, mali ya shirika la biashara la jeshi. Mwaka 2024 Police. Mwaka 2025 Entebbe UPPC, yenye jina la shirika la serikali la uchapaji. Katika kila msimu kati ya hiyo zilipanda pia timu zisizo za taasisi, na ni haki kusema hivyo: Calvary ya Yumbe na Buhimba United Saints zilipanda pamoja na Entebbe UPPC. Ila taasisi haikosi kwenye orodha. Watanzania wanaijua hadithi hii vizuri, maana mwaka 2023 miongoni mwa waliopanda kwenda Ligi Kuu Bara walikuwa JKT Tanzania na Mashujaa ya Kigoma, zote za majeshi. Na timu isiyo ya taasisi ikipanda, swali hugeuka: itakaa? Onduparaka ya Arua ilipanda mwaka 2016 ikiwa na mashabiki wanaojaza uwanja hadi juu ya miti, ikawasumbua vigogo, na mwaka 2023 ikashuka. Arua Hill, ya mji huohuo na iliyotegemea mfuko wa mfadhili mmoja, ilipanda mwaka 2021. Kufikia mwisho wa msimu wa 2023/24 haikuwamo tena Ligi Kuu. Mbale Heroes ilipanda mwaka 2024 na kushuka mwaka uliofuata. Kenya, SoNy Sugar ilifukuzwa ligi mwaka 2019 kwa kushindwa kutokea uwanjani mara tatu, msimu ambao mdhamini wa ligi alikuwa amejiondoa. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyokosa wachezaji wa kujua mpira.

Ili kuona shinikizo linaanzia wapi, hesabu safari moja. Timu ya Katwe inakwenda Yumbe, zaidi ya kilomita 500 kutoka Kampala. Wachezaji 18 au 20, kocha na msaidizi wake, daktari wa timu, mtunza vifaa na meneja. Takisi ya abiria 14 haitoshi, mbili ni hatari na zinachosha, kwa hiyo inakodiwa Coaster. Mafuta ya kwenda na kurudi, dereva anayelala huko, chakula cha njiani, vyumba vya usiku mmoja angalau, kwa sababu ukiondoka alfajiri na kucheza saa kumi jioni miguu imekwisha kabla ya filimbi. Posho ndogo ya wachezaji, ambao wengi wao wameacha kazi ya siku hiyo. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari ya West Nile, eneo la Yumbe, yalilazimika kuzunguka na safari ikawa ndefu zaidi. Sasa weka safari hiyo mbele ya uchumi wa Katwe. Huu ni mtaa wa mafundi: milango ya chuma, masufuria ya aluminiamu, sigiri, vipuri vilivyochongwa upya kwa mkono. Ni watu wanaojua kuchangia, na huchangia misiba na arusi kila wiki. Lakini fundi anayepokea pesa yake kwa kipande kimoja kilichouzwa hawezi kubeba msimu mzima wa Coaster. Mapato ya mlangoni nayo ni ndoto, kwani mtaa uliobanwa hivyo kati ya barabara na mtaro hauna pa kujenga uwanja wenye uzio. Mechi ya nyumbani huchezwa kwenye uwanja wa kuazima, na mashabiki hawafuati timu yao kwa nauli.

Kuna watakaosema runinga ndiyo dawa. Mwaka 2018 StarTimes walitia saini mkataba wa miaka 10 wa zaidi ya dola milioni 7 kwa Ligi Kuu na Big League pamoja. Pesa hizo hazikuwa za kudharauliwa. Lakini zigawe kwa miaka, kisha kwa timu 30 hivi za madaraja hayo mawili, hata kama kila moja ingepata sawa, na utabaki na takriban dola 24,000 kwa timu kwa mwaka. Bila shaka mgawo halisi hauwezi kuwa sawa. Daraja la chini hupata kidogo. Na runinga yenyewe si nguzo ya kuegemea usingizini. Ufaransa iliona mkataba wa runinga wa kampuni ya Mediapro ukiporomoka mwaka 2020 na kuziacha klabu zikihangaika kulipa mishahara.

Kwa hiyo napendekeza tupunguze gharama kabla ya kukimbilia kuongeza mapato. Big League ilichezwa kwa miaka mingi katika makundi mawili, Elgon na Rwenzori, kisha ikageuzwa kuwa na msimamo mmoja wa nchi nzima. Turudi kwenye makundi, na safari hii yawe ya kijiografia kwelikweli, matatu au manne, kisha wachache walio juu wakutane katika awamu ya mwisho ambayo gharama zake za usafiri zilipwe na FUFA. Najua pingamizi. Watasema makundi hayalingani, kwamba kundi la Kampala litakuwa gumu na lingine jepesi, na kwamba ligi ya makundi ni ya kizamani. La kwanza ni kweli, na awamu ya mwisho ipo kwa ajili hiyo. La pili halina mashiko. Ufaransa hiyohiyo tunayoibetia iliendesha daraja lake la pili kwa makundi mawili hadi mwaka 1993, miaka 60 baada ya kulianzisha. Sisi tumeunganisha msimamo kabla klabu hazijawa na uwezo wa kuubeba: tumeezeka paa kabla ya kuta. Mwingine atanitajia Nairobi United, iliyopikwa katika ligi ya msimamo mmoja. Sawa, lakini nayo ina mfadhili wa kuisafirisha, na swali langu linawahusu wasio naye.

Pendekezo la pili litaumiza zaidi: hesabu za kila klabu zikaguliwe kabla ya msimu kuanza, si baada ya timu kukwama njiani. Wafaransa wana chombo cha aina hiyo, DNCG, nacho hakiogopi jina la mtu. Bordeaux, mabingwa mara sita wa Ufaransa, waliangukia daraja la nne mwaka 2024 wakiwa wameacha hadhi yao ya kulipwa. Mwaka 2025 Ajaccio ilibaki Ligue 2 kwa matokeo ya uwanjani, lakini ikaondolewa kwa sababu ya madeni, na nafasi yake ikaenda kwa Boulogne iliyokuwa imefungwa katika mchujo. Huku kwetu tukifanya hivyo kwa vigezo vya Ufaransa tutabaki na timu tano, na wanaoonya hivyo wako sahihi. Lakini si lazima kuazima vigezo. Daraja la pili la Uganda linahitaji kujua jambo dogo tu: je, pesa ya safari zote za ugenini ipo, na imewekwa mahali ambapo mwenyekiti hawezi kuigusa? Timu isiyoweza kuonyesha hilo mwezi wa nane ibaki ligi ya mkoa bila aibu, na irudi ikijiandaa. Kuizuia mapema ni huruma zaidi kuliko kuiacha iingie, ikose kutokea mechi tatu, ifukuzwe, na wachezaji wake wabaki bila timu katikati ya msimu, huku waliopata pointi za mezani dhidi yake wakinufaika na waliocheza nayo wakiumia.

Wapo pia watetezi wa timu za taasisi, na hoja yao ina uzito. Police au Maroons humpa mchezaji mshahara wa mwisho wa mwezi, na mara nyingine kazi ya kudumu atakayobaki nayo akishatundika daluga. Ni klabu ngapi za mitaa zinaweza kuahidi hivyo? Sitaki zifukuzwe. Ninachopinga ni kuzitumia kama ushahidi kwamba ligi iko sawa, wakati zinacheza mchezo ambao nauli yake hutoka kwenye bajeti nyingine kabisa.

Klabu za mitaa zina mlango mmoja ambao hazijaufungua vizuri. FIFA inataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23, na tangu mwishoni mwa 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya kimataifa. Kijana aliyeanzia Katwe, akapita shule za soka kama St Mary's Kitende, kisha akauzwa nje, anaweza kuuletea mtaa pesa, mradi tu jina lake liliandikishwa kwa klabu ya mtaa kila mwaka aliokuwa hapo. Mara nyingi halikuandikishwa, kwa sababu fomu ilionekana usumbufu. Hiyo ni kazi ya katibu mmoja mwenye kompyuta, na FUFA ingeweza kuifanya sharti la kushiriki.

Pagumu ni kwenye ule ukaguzi wa hesabu. Mkaguzi akienda Katwe atakuta daftari la michango, atajumlisha na kutoa, na jioni atakuwa na jibu. Akienda kwa timu ya jeshi au polisi ataambiwa mafuta ya basi yametoka kwenye bajeti ya kambi, na bajeti ya kambi haifunguliwi kwa ajili ya mpira. Sheria isiyowagusa wao itakuwa kikwazo kingine kwa Katwe peke yake, na hilo ndilo FUFA wanapaswa kulijibu hadharani kabla ya kutangaza kanuni yoyote ya msimu ujao.