MGONJWA SI MTORO



Liko neno moja ambalo matajiri hupenda kuliandika katika daftari la kazi, nalo ni "mtoro". Ni neno fupi, lakini lina nguvu ya kumtoa mtu kazini bila notisi wala malipo ya notisi. Mtu hakufika kazini siku tatu, hakutuma habari, hakuleta cheti. Siku ya nne amerudi, akakuta jina lake limepigwa mstari na mahali pake pamekwisha tiwa mtu mwingine. Wenzake wakimwuliza, hujibu: "Basi, riziki yangu ilikuwa hiyo." Sisi twasema, hapana. Ile haikuwa riziki iliyokwisha; ilikuwa haki iliyoanguka njiani kwa kuwa mwenyewe hakuishika. Mtu yule hakuwa mtoro. Alikuwa mgonjwa.

Leo twataka kusema juu ya wenzetu wenye maradhi ya kukaa nayo, yale yasiyokwisha kwa wiki moja wala kwa mwezi. Yako mengi: sukari, presha, pumu, kifafa, seli mundu, virusi vya UKIMWI. Lakini hapa kwetu Kipini, penye mlango wa mto, na bonde lote la Tana mpaka Garsen, hatuwezi kuyataja hayo tukayaruka matende, mabusha na kichocho.

Matende ni ugonjwa wa minyoo midogo sana inayoletwa na mbu. Haushiki kwa kugusana, haurithiwi, wala si matokeo ya uchawi. Kaunti zote 6 za Pwani zimehesabiwa kuwa mahali penye ugonjwa huu, na tangu mwaka 2002 Serikali imekuwa ikigawa dawa za kuuzuia kwa vipindi. Kwamba waweza kushindwa tumekwisha ona: Togo mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020 zilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa zimeumaliza usiwe tena tatizo la umma. Lakini dawa ile ya kinga hairudishi mguu uliokwisha vimba. Mwenye mguu huo huishi nao, na kila mara hujiwa na homa na maumivu, mguu ukawaka moto, akalala siku kadhaa. Kisha homa humwacha, naye huinuka akafanya kazi kama jana.

Hilo ndilo jambo ambalo tajiri haelewi, na pengine hata sisi wenyewe hatulielewi. Mwenye maradhi ya kukaa nayo si mtu asiyeweza kazi. Ni mtu asiyeweza kazi kwa siku chache, kisha akaweza tena. Akipewa siku zake chache, humtumikia tajiri miaka mingi. Akinyimwa, tajiri amepoteza fundi, na nyumba imepoteza chakula.

Mbona basi wenzetu hunyamaza? Kwa sababu ya haya. Mwanamume mwenye busha huona afadhali aitwe mvivu kuliko kusema kilichomlaza. Mama mwenye matende hufunika mguu kwa leso na kusema amejikwaa. Mwenye kifafa huomba Mungu kisimjie saa za kazi. Mwenye virusi hutupa karatasi za kliniki zisionekane. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua. Nasi twaongeza: katika kazi, mficha maradhi huumbuliwa na daftari la tajiri, kwa maana asiyesema kwamba anaumwa huandikwa mtoro, na sheria yamruhusu tajiri kumfukuza mara moja mtu aliyekosa kazini bila ruhusa wala sababu ya haki. Kunyamaza ndiko kunakomtoa mgonjwa upande wa haki na kumtia upande wa kosa.

Sasa tuitazame sheria, ndugu, maana haki usiyoijua ni kama mtumbwi uliofungwa ng'ambo.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa hali ya afya yake. Nayo hiyo Katiba, inapoeleza maana ya ulemavu katika kifungu cha 260, haisemi kiwete na kipofu tu. Yataja pia hali au ugonjwa unaomzuia mtu kwa muda mrefu kufanya shughuli zake za kila siku, au ambao watu wengi huuona kuwa wamzuia. Yatazameni maneno hayo ya mwisho. Hata kama mguu haukuzuii kitu, lakini watu wanakuona hufai kwa sababu ya mguu ule, Katiba iko upande wako.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo yakataza kumbagua mfanya kazi kwa ulemavu au kwa kuwa na virusi vya UKIMWI. Na mfanya kazi akishtaki kwamba amebaguliwa, ni juu ya tajiri kuonyesha kwamba hakubagua. Tena, tangu mwaka 2006 iko sheria isemayo kwamba mtu hawezi kulazimishwa kupimwa virusi ndipo aandikwe kazi.

Katika kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira mmeandikiwa siku za ugonjwa. Mtu aliyekwisha fanya kazi miezi 2 mfululizo kwa tajiri mmoja ana haki ya siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, na baada ya hapo siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Masharti ni mawili. La kwanza, umpashe tajiri habari mapema iwezekanavyo, wewe mwenyewe au kwa kumtuma mtu. La pili, ulete cheti. Cheti hicho si lazima kitoke kwa daktari mkubwa wa Malindi au Mombasa. Sheria yakubali pia cheti kilichotiwa sahihi na mtu anayesimamia dispensari au kituo cha afya kwa niaba ya daktari. Basi asikwambie karani kwamba karatasi ya kituo cha afya cha Kipini ni karatasi ya kufungia samaki.

Vibarua nao wasidhani maneno haya hayawahusu. Mtu akiitwa kibarua, naye akafanya kazi siku za mfululizo zilizofika mwezi mzima, sheria yamhesabu kuwa ni mtu wa mwezi. Na akipita miezi 2, apate masharti yale yale ambayo angepata kama tangu mwanzo hakuwa kibarua. Kumwita mtu kibarua mwaka mzima hakumfanyi awe kibarua. Wekeni hesabu ya siku zenu katika daftari, kwa tarehe.

Tuseme sasa juu ya kuachishwa. Hatutawadanganya, ndugu. Sheria haikusema kwamba mgonjwa hawezi kuachishwa kabisa. Ikiwa mtu kweli hawezi tena kazi ile, tajiri aweza kumwachisha, lakini iko njia ya kupita. Kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu mwili hauwezi, ni lazima tajiri amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, iwe ni Kiswahili, Kipokomo au Kiorma. Na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama hapo hapo, na maneno yao yasikizwe kabla ya uamuzi. Mahakama ya Kazi ilikwisha eleza jambo hili mwaka 2013, katika shauri la mtu aliyeachishwa kwa maradhi: kwanza tajiri amsaidie mgonjwa apate nafuu na kurudi kazini, na hayo yakishindikana ndipo amwite kwa utaratibu wa sheria. Kumpa mtu barua dirishani si utaratibu. Kumwambia mlinzi asimfungulie lango si utaratibu.

Aliyeachishwa pasipo haki apeleke malalamiko kwa Afisa wa Kazi wa Serikali katika muda wa miezi 3 tangu siku ya kuachishwa. Shauri likifika mahakamani na likathibitishwa, aweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia, nayo yaweza kufika mishahara ya miezi 12. Lakini mahakama haisomi moyo wa mtu. Husoma karatasi. Kwa hiyo tunawasihi mfanye mambo haya:

1. Ukiugua, peleka habari siku ile ile. Ukituma kwa simu, usiufute ujumbe. Ukimtuma mtu, awe mtu atakayekubali kusimama shahidi.

2. Cheti cha asili ubaki nacho, au kipigwe picha kabla ya kumpa karani.

3. Si lazima kumtangazia kila mtu ugonjwa wako. Inatosha cheti kueleza kwamba huwezi kazi, na kwa siku ngapi. Lakini kama wahitaji kubadilishiwa kazi, hapana budi tajiri ajue sababu.

4. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa, hasa ile isemayo kwamba umeacha kazi kwa hiari yako. Mwite mjumbe wa chama kwanza.

5. Tazama kama makato ya bima ya afya yanafika. Tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima mpya ya afya ya jamii, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Makato yaliyobaki mfukoni mwa tajiri hayatakupa kitanda Ngao wala Hola.

Kadhalika twawaambia matajiri: kumsaidia mgonjwa si gharama kubwa kama mnavyodhani. Mwenye matende ahitaji maji safi na sabuni ya kuosha mguu kila siku, viatu vinavyomtosha, na kiti cha kukalia apumzishe mguu. Mwenye sukari ahitaji dakika za kula kwa wakati na kuchoma sindano yake. Mwenye kifafa asitumwe peke yake majini wala juu ya mnazi. Apewe kazi ya nchi kavu. Haya ndiyo marekebisho yanayotakiwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003. Na wale wanaosimama kutwa majini katika majaruba ya mpunga, ambako kichocho hungoja ngozi tupu, wapewe mabuti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga, pamoja na viatu, kwa watu wafanyao kazi ya kuloa.

Hata hivyo, chama hakiwezi kutosheka na sheria ilivyo. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Mwenye sukari aendaye kliniki mara moja kila mwezi ametumia siku 12 kwa mwaka. Katika siku 14 za sheria, amebakiwa na 2, naye bado hajaugua! Na siku 7 za pili ni nusu mshahara. Kwa hiyo mtu huyo huchagua: ama akose dawa, ama akose posho ya watoto. Chaguo hilo halifai kupewa binadamu. Sheria imeweka kiwango cha chini tu. Mapatano ya pamoja kati ya chama na matajiri yaweza kuweka zaidi, na yakiweka zaidi, hayo ndiyo yanayoshika. Kwa hiyo katika mapatano yajayo twataka tudai mambo matatu: siku za kliniki zihesabiwe mbali na siku za ugonjwa, siku za mshahara kamili ziongezwe, na mgonjwa apewe nafasi ya kazi nyepesi kabla ya kufikiriwa kuachishwa. Madai haya hayatashinda kwa sauti ya wagonjwa peke yao. Yatashinda wale wenye afya wakiyabeba.

Wako pia ndugu zetu wavuvi wa Ghuba ya Ungwana, ambao hawana tajiri wa kumshtaki. Baharia asiyeingia chomboni hana fungu, na sheria ya ajira haimfikii. Kwake yeye ngao ni wenzake. Manahodha na vikundi vya wavuvi wa pwani wakubaliane sasa, hali wote wazima, ni fungu gani litakalopelekwa nyumbani kwa aliyelala. Jambo hili likingoja mpaka mtu augue, litaonekana ni sadaka. Likikubaliwa mapema, ni haki.

Ndugu, leo ni mguu wa jirani, kesho ni sukari yako. Ukimwona mwenzako hakuja, usiseme ametoroka; pita kwake jioni, na kama amelala, peleka habari kazini kwa niaba yake. Tendo hilo la nusu saa laweza kuokoa kazi ya miaka kumi. Na wewe uliye na maradhi, usiondoke kimya kimya. Njoo chamani na karatasi zako.

Ajuaye kusoma amsomee mwenzake.

Mhariri