Mgeni Apumzikaye Mwimbi

Msafiri afikaye Ufipa hutaka kuyaona Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200. Kisha hurudi mbio. Kijiji kama Mwimbi, katika Wilaya ya Kalambo, hakimo katika hesabu yake. Akiulizwa kwa nini asilale huko siku mbili, hujibu kwamba hapana kitu cha kutazama.

Jibu hilo si la haki. Mfikirie mtu atokaye kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye joto na jasho. Uwanda wa Ufipa umeinuka karibu mita 1,000 juu ya ziwa hilo. Apandapo huko, mwili wenyewe humwambia kuwa nchi imebadilika. Usiku wa Juni na Julai baridi ni kali hata atafute blanketi la pili, na asubuhi majani yamelowa umande. Miti ni michache, macho huona mbali. Ale ugali wa ulezi na maharage, alale mapema, kisha aote jua bila kuhesabu saa.

Tena vitu vya kutazama vipo. Mvua zikaribiapo kwisha, mkulima wa Kifipa hupindua majani kwa jembe na kuyafukia katika matuta ya mviringo. Majani yakioza huwa mbolea. Juu ya matuta hupandwa maharage. Msimu ufuatao udongo hutawanywa, ukapandwa ulezi. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwasifu wenyeji kuwa ni wakulima hasa, wasiopenda vita. Mwenye haraka huona vichuguu tu. Akaaye atamwuliza mzee, naye ataelezwa.

Lakini wasafiri husahau jambo moja: mapumziko ya mgeni ni kazi ya mwenyeji. Maji aogayo yamebebwa kichwani. Kuni zilizoyachemsha huenda zimetoka mbali, kwa kuwa nchi ni ya majani. Mama wa nyumba hatasema neno, maana huyu ni mgeni wake. Na wengi hukosa hapo hapo, wakidhani kunyamaza kwake ni kuridhika. Wako wasemao kwamba fedha watakazotoa zatosha. Fedha ni njema, wala wasitoe kidogo, lakini fedha hazichoti maji alfajiri. Afadhali mgeni apunguze maji ya kuoga, anunue mzigo wa kuni, au achukue ndoo aende kuteka pamoja na watoto wa nyumba ile.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengine huliogopa neno hilo, nao hufunga mizigo siku ya pili jioni. Huko Mwimbi huenda jembe hilo likawa sehemu bora ya mapumziko yote, maana alishikaye atafundishwa kufanya tuta, na jioni, mikono ikimwuma, hatakumbuka hata kuuliza blanketi la pili.