Kibali Kwanza, Tofali Baadaye

Mama mboga akisimamisha kibanda cha mabati bila kibali, askari wa kaunti hufika alfajiri wakakibomoa. Serikali inapochimba msingi wa jengo kubwa bila kibali hichohicho, twaambiwa kuwa hayo ni maendeleo, na anayeuliza ni adui wa nchi. Sisi twakataa. Sheria ni msumeno; hukata mbele na nyuma.

Hatujasahau Uhuru Park. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kujenga humo mnara wa ghorofa 60 kwa ajili ya gazeti lake, na Serikali ikautetea mradi huo kana kwamba ni wake. Wakati huo Nairobi haikuwa na madiwani. Baraza lao lilivunjwa mwaka 1983, na jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi uchaguzi wa vyama vingi wa 1992. Mwombaji na mtoa ruhusa walikula sahani moja. Profesa Wangari Maathai alipokwenda Mahakama Kuu, aliambiwa kuwa hana haki ya kushtaki. Mnara haukujengwa, lakini si sheria iliyouzuia. Ulizuiwa na sauti za wananchi na wafadhili wa ng'ambo walioingiwa na hofu.

Ndiyo maana twasema kibali si karatasi tupu. Ni mahali pekee ambapo mwenye nguvu hulazimika kusimama na kujibu: majitaka yataelekea wapi? Jirani atadhurika vipi? Ardhi hii ni ya nani?

Katiba ya 2010 iliyajibu madhila yale. Kifungu cha 2 chasema kuwa Katiba humfunga kila mtu na kila chombo cha Serikali. Kifungu cha 70 chamruhusu raia kutetea mazingira mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Nayo sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 yakataza ujenzi ndani ya kaunti bila idhini ya kaunti hiyo.

Je, Serikali imesikia? Huko Lamu, ujenzi wa bandari ulizinduliwa mwaka 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wenyeji zilikiukwa na kwamba Kaunti ya Lamu haikushirikishwa ipasavyo, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Haraka ile ilimwokolea nani fedha?

Wako wasemao kwamba Serikali ina wahandisi wake, haihitaji kukaguliwa na wadogo. Basi na watazame Daraja la Sigiri, juu ya Mto Nzoia, Busia. Liliporomoka Juni 2017 lingali likijengwa, siku chache baada ya Rais kulikagua. Saruji haijui cheo.

Wakristo wenzetu wanakijua kisa cha Nabothi. Mfalme Ahabu alitamani shamba la jirani, na kwa muhuri wake wazee wa mji wakageuzwa vyombo vya dhuluma. Palipo na wazee wasiothubutu kumkatalia mfalme, hakuna shamba lililo salama.

Kwa hiyo, palipo na uzio mpya wa mradi wa Serikali, twendeni katika ofisi za kaunti tukaulize kibali. Kikiwepo, tukisome. Kisipokuwepo, milango ya mahakama i wazi, na safari hii hakuna atakayetuambia kwamba hatuna haki ya kushtaki.