Hesabu ya Watu Huanzia Daftarini

Mwalimu aliyepata kuandikisha watoto wa darasa la kwanza huko Kibondo au Kasulu anaijua taabu hii: mzazi huulizwa tarehe aliyozaliwa mwanawe, naye hujibu kwa kutaja msimu wa mvua. Katika nyumba nyingi karatasi pekee iliyohifadhiwa ni cheti cha ubatizo.

Karatasi hiyo haistahili kudharauliwa, kwani takwimu za watu zilianzia katika vitabu vya namna hiyo. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwaagiza maparoko waandike ubatizo na ndoa. Shabaha ilikuwa sakramenti, wala si takwimu. Lakini mwaka 1662 John Graunt, mfanyabiashara wa London, alijumlisha orodha za ubatizo na mazishi za parokia za mji wake, akakadiria kwamba kati ya watoto 100 waliozaliwa, 36 walikufa kabla ya kutimiza miaka 6. Mwaka 1749 Sweden ikawaagiza wachungaji wapeleke hesabu zao serikalini.

Mapadri Weupe waliuleta utaratibu huo katika misheni zao, Buha ikiwamo. Sensa ya mwaka 1948 ilipofanyika Tanganyika, misheni nyingi zilikuwa na vitabu vya miaka mingi. Siku hizi watafiti huvitumia kukadiria uzazi na vifo vya zama zile.

Hata hivyo, vitabu hivyo viliwahesabu waumini tu. Mwislamu wa Ujiji hayumo, wala mzee aliyeshika mila za mababu. Taifa haliwezi kupanga madarasa na zahanati kwa kitabu cha dhehebu moja. Ndiyo sababu tunafanya sensa, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Lakini sensa huja baada ya miaka 10, ilhali watoto huzaliwa kila siku.

Tangu mwaka 2013, kuanzia Mbeya, usajili wa watoto walio chini ya miaka 5 ulianza kusogezwa hadi vituo vya afya na ofisi za kata. Hatua hiyo ni njema, ila haitafaa kitu iwapo mtendaji ataliacha daftari lilale kabatini. Paroko alifaulu kwa sababu aliandika papo hapo, tena karibu na watu. Watumishi wa umma hawana budi kufanya vivyo hivyo kwa kila mtoto, bila kuuliza dini yake. Na walimu wawahimize wazazi. Kupanga bila kuhesabu ni kubahatisha, na anayeumia ni mtoto asiye na dawati.