Aliye Juu ya Mti Aulizwe

Msimu ukikaribia, mazungumzo yetu barazani huwa ni yale yale: bei itakuwaje, jua litatosha kuanikia, na wachumaji watapatikana wapi. Hayo yote ni mambo ya maana, wala hatuyadharau. Lakini liko jambo moja lisilo na gharama kubwa, ambalo huachwa mwaka baada ya mwaka. Nalo ni kumwuliza mchumaji maoni yake juu ya kazi anayoifanya, kisha kuyatekeleza yale yenye maana.

Natufikiri kidogo. Mwenye shamba hulitazama shamba lake akiwa chini. Mchumaji hulitazama akiwa juu. Yeye ndiye ajuaye tawi gani limeoza, mkarafuu gani umeanza kuliwa na mchwa, na upande gani wa shamba karafuu zitachanua kabla hazijafikiwa. Karafuu ikishachanua thamani yake imekwenda. Basi khabari inayokuja siku mbili mapema ni mali. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na juu ya mkarafuu wengi wetu hatulali.

Akina mama wachambuaji nao ni vivyo hivyo. Wao wajua kwamba karafuu mbichi zikiletwa usiku na kurundikwa mpaka asubuhi hupata moto na kuvunda, na hata zikianikwa hazitoi rangi nzuri. Pengine dawa yake ni kuzibeba mara mbili, adhuhuri na alasiri, badala ya mara moja magharibi. Shauri kama hilo halihitaji fedha. Lahitaji mtu wa kuliuliza na mtu wa kulisikiliza.

Wako wanachama watakaotwambia: "Mchumaji ni mtu wa msimu tu, leo yuko kwangu, kesho yuko kwa jirani. Ukimwuliza, atataka aongezwe ujira." Jawabu letu ni hili. Ni kweli kwamba mengine atakayoyasema yatahusu ujira, khasa pale ujira unapopimwa kwa pishi. Natuchukue mfano. Mtu amechuma pishi 10, na kila pishi ikapimwa kwa kilele cha nusu kibaba badala ya kuwa ya mfuto. Pishi moja ni vibaba 4. Basi mtu huyo amechuma vibaba 5 zaidi, yaani pishi moja na kibaba kimoja, bila ya malipo. Mwenye shamba hudhani amepata faida. Lakini mchumaji naye anajua hesabu, na asipopata pa kuisema kwa mdomo ataisema kwa mikono. Atavunja matawi ili ajaze upesi, atachanganya makonyo, ataviacha vishada vya juu, na keshokutwa atahamia kwa mwengine. Tawi lililovunjwa leo ndilo lililokuwa lizae misimu ijayo. Vibaba vitano havilipi khasara hiyo.

Wala mambo haya si ya mashambani peke yake. Huko Marekani, mwaka 1898, kampuni ya Kodak, watengenezaji wa vifaa vya kupigia picha, ilianzisha utaratibu wa kupokea mashauri ya wafanyakazi wake. Wa kwanza kupewa zawadi alipata dola 2 kwa kushauri kwamba madirisha ya kiwanda yaoshwe ili mwanga uingie. Dirisha chafu halihitaji mtaalamu kulitambua, lakini aliyelisema ni yule aliyefanya kazi katika kiza chake. Kampuni ya Toyota ya Japani nayo ilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1951, baada ya wakuu wake kwenda Marekani na kuuona katika kiwanda cha Ford. Wakubwa hao hawakuona haya kuuliza. Sisi tunaofundishwa tangu chuoni kwamba mambo ni kushauriana, tuone haya ya nini?

Ama namna ya kuuliza, twashauri mambo matatu.

Kwanza, asiulize yule yule ashikaye pishi na kulipa ujira. Mtu hasemi kweli mbele ya mkono unaomlisha. Atafutwe mzee wa kijijini anayeaminika, aulize jioni kazi ikishakwisha, na mwenye shamba apewe maneno bila ya kupewa majina. Akitafuta kujua nani kasema, ajue kwamba msimu huo hatosikia neno tena.

Pili, kila neno liandikwe katika daftari na lijibiwe kabla ya wiki kwisha. Likiwezekana, lifanywe mbele ya macho ya watu. Lisipowezekana, ielezwe sababu. Kuuliza kisha kunyamaza ni kubaya kuliko kutouliza kabisa, kwani mtu aliyenyamaziwa hujiona amechezewa.

Tatu, shauri lililoleta faida lilipwe, japo kwa kidogo. Ngazi ikitengenezwa na mtu asianguke, au karafuu zikiokolewa zisivunde, aliyesema apate chochote, na wenzake waone.

Twapenda basi kuwaomba wanachama wote wafanye jaribio msimu huu. Waanze na pishi ya mfuto, kwani hakuna atakayeamini kwamba masikio yetu yamefunguka hali ya kuwa kipimo chetu kina kilele. Kisha, ikipita wiki ya kwanza ya kuchuma, kila mmoja atuletee hapa afisini mambo matatu aliyoambiwa na wafanyakazi wake, na aeleze amefanya nini juu ya kila moja. Tutayasoma mbele ya mkutano, ya sifa na ya lawama sawasawa, ili shamba moja lifaidike na masikio ya jengine.