Sumukuvu: Kikulacho Ki Ghalani

Ni jambo lisilopingika kwamba adui mkubwa wa mla mahindi nchini Kenya haonekani kwa macho. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kutokana na mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotolewa na kuvu. Makueni na Kitui ndizo zilizoathirika zaidi, lakini janga hilo lilifika hata Thika, inayopakana na Murang'a. Mkulima wa Makuyu au Kambiti, anayeanika mahindi yake chini, hana sababu ya kujiona salama.

Sayansi imejitahidi kumfichua adui huyu. Mahindi husagwa, sumu ikatolewa kwa kioevu cha kemikali, kisha mashine iitwayo spektrometa ya masi huzipa molekuli chaji ya umeme na kuzitambua kwa masi yake. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 kwa kilo. Yaani, gunia zima la kilo 90 halifai kuwa na hata miligramu moja. Macho na ulimi haviwezi kugundua kiasi hicho, wala kupika hakuiondoi sumu yenyewe.

Hata hivyo, matokeo ya maabara yana faida gani iwapo hayafiki jikoni? Aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, tena kwa tarakimu tupu. Anayemlisha ng'ombe mahindi yaliyoota kuvu huenda hajaambiwa kwamba sumu hiyo hupitia katika maziwa na kumrudia mwanawe.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Tanzania imekwisha kueneza neno sumukuvu, linalojieleza lenyewe. Aflatoksini halimwonyeshi msikilizaji chanzo cha hatari. Ni kweli kwamba nyumbani Murang'a huzungumzwa Kikuyu; lakini mahindi huuzwa na kununuliwa na watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni.

Kwa hiyo, vyama vya Kiswahili katika vyuo vya eneo la Mlima Kenya havina budi kushirikiana na wanakemia na maafisa wa kilimo, ili maonyo yaandikwe kwa lugha nyepesi: mahindi yaanikwe juu ya turubai, yakauke hadi unyevu usizidi asilimia 13, na yaliyoota kuvu asilishwe mtu wala mnyama. Istilahi isiyofika ghalani haijatimiza wajibu wake.